Daktari wa Runinga na Kifafa cha Mimba

Katika nyumba nyingi za mwambao, baada ya sala ya Isha na sinia kuondolewa, jamaa hukaa mbele ya runinga kutazama tamthilia za hospitali. Watazamaji hawa hawakai kimya. Bibi huuliza kama ugonjwa ule upo kweli au umetungwa. Kijana aliyesoma baiolojia hujibu upesi kuliko anavyojua. Na mama mwenye mimba, aliyenyoosha miguu kwenye kochi, husikiliza kuliko wote na asiseme neno. Maswali haya yanastahili kujibiwa, kwani watu hujifunza kutokana na tamthilia hizo, wapende wasipende, na siku mgonjwa wa kweli anapopatikana nyumbani hujikuta wakitumia yale waliyoyaona.

Jibu fupi ni hili: magonjwa mengi wanayoyaonyesha ni ya kweli, na dawa zake aghalabu ni za kweli. Kinachobadilishwa ni muda. Ugonjwa uliojijenga kwa wiki nyingi huonekana umeanza asubuhi ileile, na kupona kunakochukua miezi huwa kumekamilika kabla ya kipindi kwisha. Ugonjwa mmoja watosha kutuonyesha jambo hili, nao ni ule tunaouita kifafa cha mimba.

Tamthilia ya Marekani iitwayo ER ilianza kuonyeshwa Septemba 1994 ikamalizika Aprili 2009, baada ya misimu 15 na sehemu 331. Mandhari yake ni chumba cha dharura cha hospitali ya umma ya kubuni, katika mji wa Chicago. Aliyeitunga, Michael Crichton, alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Lance Gentile, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa dharura. Ndiyo sababu maneno yanayotamkwa mle, majina ya dawa na hata vipimo vyake, hayakuokotwa njiani. Gentile ndiye aliyeandika sehemu iliyoonyeshwa Machi 1995 kwa jina la Love's Labor Lost, iliyompatia tuzo ya Emmy.

Katika sehemu hiyo, mwanamke aliyekaribia siku zake za kujifungua anafika hospitalini pamoja na mumewe, akilalamika kwamba anakwenda haja ndogo kila mara. Anapokewa na Daktari Mark Greene, mtu mpole, hodari na mwenye kupendwa na watazamaji. Greene anamwona ana maambukizi ya kibofu, anampa dawa na kumruhusu aende zake. Haupiti muda, mwanamke yule anarudi mikononi mwake akitukutika kwa kifafa. Kuanzia hapo mambo yanaharibika moja baada ya jingine. Kifafa kinatulizwa kwa dawa, uchungu unaanzishwa, mabega ya mtoto yanakwama njiani, daktari wa uzazi hafiki kwa wakati, na Greene analazimika kumpasua mama palepale katika chumba cha dharura. Mtoto, mwanamume, anaokolewa. Mama anatokwa na damu hadi anafariki. Daktari wa uzazi anapofika anamkemea Greene bila ya kumficha: dalili zilikuwapo tangu mwanzo.

Tamthilia chache zimethubutu kumfanya daktari mwema kuwa chanzo cha msiba, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani ya kipindi kile. Hakuna mwovu ndani yake. Yupo mtu mwenye haraka na wagonjwa wengi, aliyeona jambo la kawaida na kuridhika nalo.

Lakini hebu tuuangalie ugonjwa wenyewe, maana kamera haikuwa na nafasi ya kuueleza. Kifafa cha mimba hakina uhusiano na kifafa cha kawaida, kile cha kuzaliwa nacho au cha kuumia ubongo. Asili yake ni kondo la nyuma. Mwanzoni mwa mimba, mishipa ya damu ya kizazi hupaswa kupanuka ili kondo lipate damu ya kutosha. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Kondo linapokosa damu hutoa vitu vinavyoingia katika damu ya mama na kudhuru utando wa ndani wa mishipa yake, mwili mzima. Mishipa hubana, shinikizo la damu hupanda. Figo huanza kuvujisha protini, ikaonekana kwenye mkojo. Ini huvimba. Ubongo nao unapofikiwa, huja maumivu makali ya kichwa, macho hupata kiwi au ukungu, na mwishowe huja mtukutiko wenyewe.

Kwa hiyo kifafa ni mlango wa mwisho wa nyumba ambayo mgonjwa amekuwa akiipita chumba kwa chumba, pengine kwa wiki kadhaa. Hatua ile ya kabla ya kifafa hutambulikana baada ya wiki 20 za mimba, shinikizo la damu linapofika 140 kwa 90 au zaidi, likapimwa tena baada ya saa chache likabaki palepale, huku mkojo ukiwa na protini au viungo vingine vikionyesha kudhurika. Wengi walio katika hatua hiyo hawahisi chochote. Huu ndio ubaya wake mkubwa. Mama hupika, hufua, huenda harusini, na presha yake iko 150.

Zipo dalili ambazo mtu wa nyumbani aweza kuziona. Kichwa kinachouma sana na kisichotulia kwa dawa ya kawaida; macho kuona vimulimuli au ukungu; maumivu chini ya mbavu za kulia, ambayo wengi huyaita kiungulia; uso na mikono kuvimba kwa ghafla, hata pete isivuke kidole. Kuvimba miguu peke yake ni jambo la kawaida kwa wajawazito, hasa katika joto letu hili, na haimpasi mtu kuingiwa na hofu kwa hilo tu. Uso uliovimba asubuhi ni habari nyingine.

Dawa iliyotajwa katika kipindi kile, magnesiamu salfeti, ni dawa ya kweli na ndiyo hasa inayotumika hadi leo. Ina kisa cha kupendeza. Madaktari wa Marekani walikuwa wameitumia kwa miaka mingi, ilhali wenzao wa Uingereza na kwingineko waliendelea na dawa nyingine za kutuliza kifafa, kila upande ukiwa na hakika yake. Hoja ilikatwa Juni 1995, miezi mitatu tu baada ya sehemu ile kuonyeshwa, matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi zinazoendelea yalipochapishwa katika jarida la Lancet. Wanawake wapatao 1,700 waliokuwa wamepatwa na kifafa cha mimba walishiriki. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na kifafa mara chache kuliko waliopewa dawa zile nyingine mbili. Mwaka 2002 utafiti mwingine, ulioshirikisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba mwenye dalili za awali akipewa magnesiamu kabla ya kushikwa na kifafa, uwezekano wa kushikwa hupungua kwa zaidi ya nusu. Wala si dawa ya bei ghali. Ni chumvi ya madini, iliyosafishwa na kutiwa katika kichupa cha sindano.

Ila haitolewi kama runinga inavyoonyesha, sindano moja kisha daktari akaondoka mbio. Magnesiamu ikizidi mwilini huweza kudhoofisha pumzi, kwa hiyo anayepewa huangaliwa kwa saa nyingi: muuguzi huhesabu pumzi zake, hupima mkojo unaotoka, na hugonga goti kwa kinyundo kidogo kuona kama mguu unaruka. Mguu usiporuka, dawa husimamishwa. Kazi hii ya kugonga goti usiku kucha haina msisimko, na sijapata kuiona katika tamthilia yoyote. Huko daktari mmoja hufanya kila kitu: ndiye mpimaji wa damu, ndiye mpiga picha, ndiye mpasuaji, ndiye mfariji wa jamaa. Wauguzi hupita nyuma yake wamebeba faili.

Hata hiyo magnesiamu haiponyi ugonjwa. Huzuia kifafa tu. Zipo dawa nyingine za kushusha presha, nazo pia hununua muda. Ugonjwa huanza kuondoka pale kondo linapotoka, yaani mama anapojifungua. Kwa hiyo uamuzi mzito wa madaktari ni lini mtoto atolewe. Akitolewa mapema mno, mapafu yake hayajakomaa. Akicheleweshwa, mama yumo hatarini. Jamaa wanaoambiwa kwamba mtoto sharti atolewe leo, na hali mama anaongea na kucheka kitandani, huona madaktari wana pupa ya kisu. Wanachokiona madaktari kimo katika karatasi ya vipimo.

Shirika la Afya Duniani, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, lilionyesha kwamba maradhi yanayotokana na shinikizo la damu husababisha takriban asilimia 14 ya vifo vya wazazi duniani, yakifuata nyuma ya kutokwa na damu. Mwanamke wa Chicago katika tamthilia anaweza basi kuwa mwanamke wa Kisauni au wa Lamu, isipokuwa kwamba wa Lamu huenda akahitaji mashua kabla ya kufika kwa daktari wa kumpasua. Kwa mtu wa namna hiyo, saa moja iliyopotea nyumbani si sawa na saa moja ya mji mkubwa.

Na saa hizo hupotea kwa sababu zinazojulikana. Mtu mzima asiyekuwa na kifafa akianguka ghafla, macho yakapinduka na mwili ukatukutika, wapo kati yetu wanaofikiri kwanza kwamba amepandwa na pepo. Kumsomea mgonjwa na kumwombea hakuna anayekukataza, wala hakuzuii gari kwenda. Anaweza kusomewa akiwa njiani.

Lipo pia lile tunalolifanya kwa mikono yetu. Watafiti wa Kanada walitazama sehemu 327 za tamthilia nne za hospitali, miongoni mwao ER, Grey's Anatomy na House, wakakuta matukio 59 ya watu kushikwa na kifafa. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2010, yalisema kwamba karibu nusu ya matukio hayo madaktari na wauguzi wa kwenye tamthilia walitoa huduma isiyofaa: walimkandamiza mgonjwa asitukutike, au walimtia kitu mdomoni. Iwapo daktari wa runinga, mwenye washauri wa kitabibu wanaolipwa, hufanya hivyo, tusimlaumu sana shangazi anayekimbilia kijiko jikoni. Lakini kijiko huvunja meno na huweza kuziba pumzi. Ulimi haumezeki. Kitunguu na kiatu puani havina kazi.

La kufanya ni kuondoa vitu vigumu vilivyo karibu, kulegeza mtandio au nguo iliyobana shingoni, kumlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto mara mtukutiko unapolegea ili mate na matapishi yatoke, na mtu mmoja atazame saa. Kisha, kwa mwenye mimba, hospitali. Hata akizinduka, hata akisema yuko salama.

Kwa kuwa tumefika kwenye yale yanayofanywa na daktari wa runinga, itafaa tuguse moyo uliosimama, maana hapo ndipo tamthilia zimewapotosha watu zaidi. Mwaka 1996 madaktari watatu wa Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine hesabu yao ya vipindi vitatu, ER ikiwamo. Waliona matukio 60 ya watu kukandamizwa kifua ili moyo urejee, na robo tatu ya wagonjwa hao walirejewa na uhai papo hapo. Katika maisha, moyo uliosimama nje ya hospitali Marekani, penye magari ya dharura yenye vifaa, anayepona na kurudi kwake ni takriban mmoja katika kila kumi. Tena ule mstari ulionyooka kwenye kioo, ambao daktari huupiga umeme kwa kelele, haupigwi umeme hata kidogo. Umeme ni wa moyo unaotetemeka ovyo, ambao mstari wake haujanyooka. Kukandamiza kifua ni elimu nzuri, na kila nyumba ingefaa kuwa na mtu aliyefundishwa. Lakini jamaa aliyezoea robo tatu za runinga, akiambiwa mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi kwamba babake hakurudi, hudhani pana mtu aliyezembea.

Usingizi wa mahututi nao ni vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 2005 uliwahesabu wahusika 64 wa tamthilia ndefu za Marekani waliopoteza fahamu kwa muda. Tisa katika kila kumi walizinduka wakawa wazima kabisa, nywele zimechanwa. Familia iliyokaa na mgonjwa wa namna hiyo inajua habari ya vidonda vya mgongo, mpira wa chakula, na miezi ya kujifunza tena kushika kikombe.

Haidhaniwi, hata hivyo, kwamba runinga huponya watu kila mara. Mwaka 2018 madaktari wa Arizona waliwalinganisha majeruhi 290 wa kubuni wa Grey's Anatomy na majeruhi wa kweli zaidi ya 4,800. Wa runinga walikufa kwa wingi zaidi: asilimia 22, dhidi ya 7 ya wale wa kweli. Ila waliojeruhiwa vibaya wakanusurika, nusu yao walitoka hospitalini kabla ya wiki kwisha, ilhali katika hospitali za kweli ni mmoja katika watano. Ama ufe leo, ama utembee Jumatatu. Sehemu iliyo katikati, ambayo ndiyo maisha ya wagonjwa wengi na ndiyo inayomaliza akiba za familia, imekatwa.

Kwa mwenye mimba, sehemu iliyokatwa iko pande zote mbili, kabla na baada. Kabla, ni kliniki. Kipimo cha presha hakichukui dakika tano na kijiti cha mkojo hubadilika rangi kwa sekunde chache, lakini nambari moja haitoshi. Daktari huitaka ile ya mwezi uliopita ailinganishe. Ndiyo maana kitabu cha kliniki hakifai kusahauliwa kabatini. Mama akipimwa mkojo bila ya kupimwa presha, au kinyume chake, ana haki ya kuuliza. Katika hadithi ya Greene ugonjwa wa kibofu uliwezekana, hata ulikuwa dhana ya karibu. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza kama hapana jambo jingine.

Wanaopaswa kuwa na hadhari zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, mwenye pacha, aliyepita miaka 40, mwenye kisukari, maradhi ya figo au presha ya tangu kabla, aliyenenepa kupita kiasi, aliyewahi kupatwa na ugonjwa huu, na yule ambaye mamake au dadake alipatwa. Kwa walio katika hatari kubwa, Shirika la Afya Duniani hupendekeza aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, ianzwe kabla ya wiki 20 kwa maagizo ya daktari. Si ya kujinunulia dukani kwa kuwa jirani ameitumia. Kwa mama ambaye chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha, vidonge vya kalsiamu pia hupunguza hatari. Hapana lolote kati ya haya ambalo lingependeza katika tamthilia.

Baada ya kujifungua, wengi huamini kwamba hatari imetoka pamoja na mtoto. Haijatoka yote. Presha yaweza kupanda siku chache baada ya uzazi, hata kwa mwanamke ambaye mimba yake nzima haikuwa na kasoro, na kifafa chaweza kumjia ndani ya wiki sita. Mila yetu ya arobaini, ambapo mzazi hukaa ndani, akakandwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga na asiachwe peke yake, inaangukia karibu sawasawa na muda huo. Kwa hiyo yuko tayari mtu wa kumwangalia: mamake, au khaloo, au mkunga wa mtaa. Mzazi akisema kichwa kinampasuka, au anaona vimulimuli, asiambiwe ni uchovu wa kukesha na mtoto. Na katika wiki ya sita, mtoto anapopelekwa chanjo akiwa amevishwa nguo mpya na kupakwa wanja, mwuguzi aombwe amfunge mama naye kile kitambaa cha presha mkononi, palepale kwenye benchi, kabla hawajarudi nyumbani.